Enyi Polisi wa Kiingereza, Nani Kawapa Vyeo?

Leo nataka ugomvi. Kama umeamka vibaya au una presha, funga ukurasa huu uje kesho. Mnaobaki karibuni, vuteni viti.

Nina kesi na kundi moja la watu. Wengi ni vijana kama mimi, wamesoma, wanaishi mjini, wana kazi za kuvaa shati lililonyooka. Hawana sare wala kirungu, lakini ni polisi. Kazi yao ni kukamata makosa ya Kiingereza. Mrembo akijikanyaga jukwaani wakati anajibu swali, wao wameshamrekodi. Mchezaji mpira akihojiwa na televisheni ya nje akasema "I am boring" badala ya "I am bored", kesho yake amekuwa kichekesho cha nchi nzima. Mbunge akikosea kitenzi kimoja, hoja yake yote inatupwa, hata kama ilihusu maji ya watu wa jimbo lake. Hakuna anayeuliza habari ya maji tena. Kinachojadiliwa ni kitenzi.

Sasa nauliza, enyi polisi: nani kawapa vyeo? Na je, mnaijua hiyo sheria mnayoisimamia?

Mimi nasema wengi wenu hamuijui. Mnajua kwamba jambo fulani ni kosa, lakini hamjui kwa nini ni kosa. Mmekariri kama walivyokariri hao mnaowacheka. Tofauti ni kwamba ninyi mlikariri kwenye shule za ada kubwa.

Tuanze na kosa maarufu. Mtoto wa darasa la sita anaulizwa mpishi anaitwaje kwa Kiingereza. Anajibu: "cooker". Darasa linaangua kicheko, mwalimu naye anacheka. Hebu tumchunguze huyu tunayemwita mjinga. Ameona "teach" inazaa "teacher", "drive" inazaa "driver", "bake" inazaa "baker". Akapiga hesabu: basi "cook" itazaa "cooker". Hesabu yake haina kosa hata kidogo. Ni Kiingereza ndicho kilichoamua kwamba anayepika ataitwa "cook", neno lile lile la kitendo bila kuongezwa kitu, na "cooker" likaachiwa jiko. Mtoto huyu amegundua kanuni ya kuunda maneno peke yake, bila kufundishwa na mtu. Badala ya kumwambia, "umefikiri vizuri, sasa ngoja nikuonyeshe mahali ambapo Kiingereza kinachepuka," tunampa kicheko. Huyo hatanyoosha mkono tena mpaka amalize shule.

Tena hiyo "-er" haijatulia hata kwa wenyewe. "Computer", kabla ya kuwa mashine, alikuwa binadamu. Hadi katikati ya karne ya 20 hiyo ilikuwa kazi ya mshahara: mtu anakaa mezani na kalamu yake anapiga hesabu. Katherine Johnson, yule mama Mmarekani mweusi aliyepiga hesabu za safari za anga za juu, mwaka 1953 aliajiriwa kufanya kazi hiyo hiyo. Mashine zilipokuja zikachukua kazi, zikachukua na jina. Kwa hiyo neno moja linaweza kuwa mtu leo na kifaa kesho. Ukilijua hilo hutamcheka mtoto aliyechanganya mpishi na jiko.

Sasa twende kwenye lugha ya mtoto mwenyewe. Pika, mpishi. Iba, mwizi. Linda, mlinzi. Fuata, mfuasi. Penda, mpenzi. Angalia kinachotokea hapo: k inageuka sh, b inageuka z, d inageuka z, t inageuka s. Nani alikufundisha? Hakuna. Kabla hujaanza darasa la kwanza ulikuwa unafanya hivyo ukicheza kombolela. Halafu kuna soma: msomaji ni mtu mmoja, msomi ni mwingine, na kila mmoja wetu anamfahamu msomi ambaye si msomaji. Mtoto wa Kitanzania anaingia shule akiwa tayari fundi wa kuunda maneno. Kuna wazungu wanaoandika tasnifu nzima kuhusu kazi anayoifanya yeye bila kufikiri.

Na sisi tunamfanya nini fundi huyu? Tunamvua zana zake mlangoni. Kuna shule ambazo ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, utembee nacho mpaka umkamate mwenzako akosee, umrithishe. Tunasema hiyo ndiyo njia ya kujua Kiingereza. Mimi nasema ni njia ya uhakika ya kutokijua. Kiswahili ndicho ufunguo wa kile Kiingereza, na sisi tunautupa ufunguo kisha tunampiga mtoto kwa kushindwa kufungua mlango.

Mnadhani natia chumvi? Mrudieni yule mchezaji mpira. "Boring" na "bored" zimetesa watu miaka na miaka. Katika Kiswahili tuna kuchosha na kuchoshwa. Mchezo unachosha, mtazamaji amechoshwa. "Boring" ni kile kinachochosha, "bored" ni yule aliyechoshwa. Ukishashika hapo umepata familia nzima: "confusing" ni kinachochanganya, "confused" ni aliyechanganywa, "surprising" ni kinachoshangaza, "surprised" ni aliyeshangazwa. Sentensi tatu za Kiswahili, dakika tano, na kosa limekufa. Lakini mwalimu haruhusiwi kusema sentensi hizo tatu, kwa sababu ukutani pameandikwa kwamba hapa ni Kiingereza tu.

Au "discuss about", ambalo polisi wanalipenda kuliko yote. Kosa, sawa. Kwa nini kosa? Kimya. Jibu liko kwenye Kiswahili. Tunasema kuzungumza kuhusu jambo, au kuzungumzia jambo. Hatusemi kuzungumzia kuhusu jambo, kwa sababu ile -ia imeshaibeba "kuhusu" tumboni. Na "discuss" ni hivyo hivyo: "about" imo ndani tayari. "Talk" haina, ndiyo maana inahitaji kuongezewa. Basi. Hakuna uchawi.

Au "un-". Sisi tuna funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Ile -ua inarudisha nyuma kitendo kilichofanyika. "Lock" na "unlock", "fold" na "unfold", kitu kile kile, ila wao wanakiweka mbele ya neno na sisi nyuma. Ukielewa hapo ndipo unaweza kuelezwa kwamba "un-" ya "unhappy" ni nyingine: hiyo hairudishi kitendo, inakanusha tu sifa. Kiambishi kimoja kwa macho, kazi mbili. Mtoto aliyepewa orodha ya maneno 50 akakariri hatalijua hilo hata akipata 50 kwa 50.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya darasani. Haya, tutoke darasani twende benki.

Unataka mkopo. Unaweka hati ya nyumba, unaletewa mkataba. Mikataba ya mikopo niliyowahi kuishika mimi karibu yote ilikuwa ya Kiingereza. Ndani yake wametajwa watu wawili: "mortgagor" na "mortgagee". Nani ni nani? Nimewauliza marafiki zangu wenye digrii. Wengi wanajibu kwamba benki ndiyo inayotoa, hivyo benki ni "mortgagor". Ni kinyume chake. Kinachotajwa katika neno hilo ni rehani, siyo fedha, na anayetoa rehani ni wewe mwenye nyumba. "Mortgagor" ni wewe. Benki ni "mortgagee", yaani mwekewa rehani. Kwa hiyo ukikuta kifungu kinachosema "mortgagee" anaweza kuuza mali deni lisipolipwa, usifurahi ukidhani umepewa haki. Anayepewa haki ya kuuza nyumba yako ni mwenzako.

Sasa sikiliza. Hiyo "-ee" ya mwisho unayo toka utotoni. Mwajiri na mwajiriwa: "employer" na "employee". Ile -wa ya mwajiriwa, ya mshtakiwa, ya mpendwa, ndiyo "-ee" yao: yule anayetendewa. Mtu aliyefundishwa hivyo mara moja akiwa kidato cha kwanza angeusoma mkataba wa benki kwa macho mawili. Kwa kukosa dakika tano za somo hilo, mtu anaweza kusaini asichokielewa, na polisi wa Kiingereza hawatakuwepo siku dalali akija na kipaza sauti.

Tuwageukie polisi wenyewe sasa, tuwapime. Lori la mafuta limeandikwa "inflammable". Je, linawaka au haliwaki? Mwenye kukariri kwamba "in-" ni ya kukanusha, kama kwenye "incorrect" na "invisible", atajibu haliwaki. Linawaka, ndugu yangu, tena vibaya sana. Hiyo "in-" haikanushi. Imetoka Kilatini na maana yake ni ndani: kuingia katika moto, kuwaka. Wenye lugha yao wenyewe walichanganyikiwa, mpaka katika miaka ya 1920 wataalamu wa kuzuia moto wa Marekani wakaanza kuhimiza neno fupi "flammable" ili watu wasije wakaungua kwa sababu ya sarufi. Kwa hiyo "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja. Kama hukulijua hilo, rudisha kirungu. Na kama ulilijua, nijibu hili: kwa nini tahadhari ya moto kwenye lori linalopita Chalinze na Morogoro iandikwe kwa lugha ambayo muuza mahindi wa kando ya barabara haisomi? Hiyo si tahadhari, ni mapambo.

Jaribio la pili, hili la waandishi wa habari wenzangu. "The government has sanctioned the project." Serikali imefanya nini? Imeuidhinisha mradi. "The government has sanctioned the company." Hapo imefanya nini? Imeiadhibu kampuni. Neno moja, maana mbili zinazogombana, na hakuna kiambishi kitakachokuokoa. Utaokolewa na majirani wa neno hilo tu: limekaa na nani, katika habari gani. Mnaotafsiri habari za mashirika ya nje usiku wa manane mkiwahi mitambo, mnanielewa. Kamusi itakupa maana zote mbili na kukuacha hapo hapo njia panda.

Kuna jambo jingine polisi hawapendi lisemwe: Kiingereza chenyewe kimejengwa kwa makosa. Zamani njegere kwa Kiingereza ziliitwa "pease", na neno hilo halikuwa wingi. Watu wakasikia ile s ya mwisho wakadhani ni ya wingi, wakaikata, wakapata "pea" moja. Kosa hilo leo ndilo Kiingereza sanifu. Aproni nayo ilikuwa "a napron". Masikio yakakata mahali pasipo, ikawa "an apron", na n ikahama nyumba mpaka leo.

Mafundi wetu wa baiskeli na magari walifanya nini? Walisikia "mudguard", ikawa madigadi. Kwa kuwa inaanza na ma-, wakaona huo ni wingi, kama magari na mabati. Basi moja likawa digadi. Kile walichofanya Waingereza kwa njegere ndicho walichofanya mafundi wetu kwa digadi, na "keep left" ya barabarani nayo ikawa kipilefti, viko viwili ni vipilefti. Neno kitabu nalo ni la Kiarabu. Ile ki- haikuwa kiambishi, ilikuwa sehemu ya mzizi, sisi tukaifanya ki- yetu tukasema vitabu. Nani atatukamata? Mwaka 2022 hata Kamusi ya Kiingereza ya Oxford iliingiza maneno kutoka Afrika Mashariki, yakiwemo "jembe" na "sambaza". Kiingereza hakioni haya kuokota chetu. Haya ni ya kwetu tu.

Je, nasema basi kila mtu aandike ovyo? Hapana! Msininukuu vibaya. Nasema kinyume chake. Maneno yana uzito, na uzito huo ndio sababu ya kutaka watu wafundishwe badala ya kuchekwa. Chukueni kesi ya Derek Bentley. Novemba 1952, huko Croydon karibu na London, vijana wawili walikutwa na polisi juu ya paa la ghala. Bentley alikuwa na miaka 19. Mwenzake, Christopher Craig, alikuwa na 16, na ndiye aliyekuwa na bastola. Polisi mmoja aliuawa. Askari walidai mahakamani kwamba Bentley alimwambia mwenzake: "Let him have it, Chris." Vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalisemwa. Lakini hata kama yalisemwa, yana maana gani? Ukiyachukua moja moja ni "mwache awe nayo", yaani mpe askari bastola. Kwa lugha ya mitaani ni "mtandike". Upande wa mashtaka ulishika maana ya pili. Craig hakunyongwa kwa sababu ya umri wake. Bentley alinyongwa Januari 28, 1953. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1998, miaka 45 baadaye, wakati yeye ameshakuwa udongo.

Maneno yenyewe ni "let", "him", "have" na "it". Hakuna neno gumu hapo. Yote yanafundishwa shule ya msingi. Mwenye kuyajua yote manne kwa kamusi bado asingejua kilichosemwa juu ya lile paa. Ndiyo maana nasema orodha ya msamiati siyo lugha.

Turudi nyumbani. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakaja kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakakuta kwamba katika shule nyingi karibu nusu ya wanafunzi walikuwa hawaambulii kitu katika masomo mengine kwa sababu ya lugha. Tafakari hapo: mtoto anakaa kwenye kipindi cha biolojia miaka minne, na biolojia haimfikii. Wakashauri nini? Kiingereza kiendelee, ila kiongezewe nguvu. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukipiga jeki, kwa fedha za Uingereza. Miaka mingapi imepita? Mpaka leo sekondari zetu za serikali ni Kiingereza, na mtoto anatoka darasa la saba la Kiswahili anaingia humo kama mtu aliyesukumwa baharini akaambiwa ogelea.

Kisha anayezama tunamcheka.

Nimeona kicheko hicho kinavyofanya kazi. Katika chumba kimoja cha habari nilichopitia, tulikuwa na kijana aliyetoka mkoani. Kwa kutafuta habari hakuna aliyemfikia. Alikuwa na namba za simu za watendaji wa kata, za wavuvi, za makarani wa mahakama za mwanzo. Lakini kikao cha asubuhi kiliendeshwa kwa Kiingereza, na kila akifungua mdomo kuna mtu alikuwa anaguna. Alianza kwa kuongea kidogo. Baadaye akawa anampa mwenzake karatasi amsemee. Mwishowe akaacha kazi. Habari alizokuwa anazijua yeye peke yake, za ardhi na za dawa zilizopotea zahanati, wananchi hawakuzisoma. Waliobaki tulikuwa na Kiingereza kizuri sana na habari za semina za hotelini.

Hiyo ndiyo bei ya kicheko chenu. Hailipwi na aliyekosea peke yake.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Moja, vibao shingoni vichomwe moto, na mwalimu wa Kiingereza aruhusiwe kutumia Kiswahili kufundisha Kiingereza. Mbili, watoto wafundishwe jinsi maneno yanavyoundwa na yanavyokaa na wenzake kwenye sentensi, siyo orodha za kukariri usiku na kusahau asubuhi. Tatu, mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Vizuri. Sasa mkataba wa mkopo nao uandikwe kwa lugha ya anayeweka nyumba yake rehani. Kujua nani ni "mortgagee" isiwe bahati ya waliosoma shule za ada kubwa.

Na ninyi polisi, siku nyingine mkimkamata mtu na kosa, msimpeleke mtandaoni kumwanika. Mwelezeni kwa nini ni kosa. Kama hamuwezi kueleza, basi hamna mamlaka ya kukamata.

Nimemaliza. Mwenye kirungu anipige, ila anieleze kwanza kosa langu kwa lugha tunayoielewa wote.